Amplifaya ya zamani inavuma hata volyumu ikiwa sifuri, nibadilishe kapasita zote au chache tu?

Mwana wa Redio

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwenye hili maana nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Nina amplifaya ya stirio niliyoachiwa na marehemu mzee wangu, ina miaka kama 28 hivi, na mzee aliitunza kweli kweli, hata kitambaa cha kuifutia vumbi kilikuwa cha kazi hiyo tu. Mpaka mwaka juzi ilikuwa inapiga safi, ukiiwasha hujui kama imewaka mpaka muziki uanze. Sasa hivi nikiwasha inavuma, mmmm nzito ya chini chini, spika zote mbili, na haijali volyumu, ukiweka sifuri inavuma na ukipandisha mvumo unabaki uleule. Nimechomoa waya zote za nyuma nikabakisha za spika tu, bado. Kinachonishangaza ni kwamba ikikaa dakika kumi au kumi na tano mvumo unapungua wenyewe mpaka unakaribia kuisha, halafu kesho yake nikiiwasha ikiwa baridi unaanza upya.

Nilichomoa umeme nikafungua kifuniko. Kuna kapasita mbili kubwa, yale makopo yanayohifadhi umeme, za 10,000 µF (maikrofaradi, kipimo cha ujazo wake) 50V, juu ziko bapa hazijavimba, ila chini yake kuna kitu cha kahawia kimeganda kama vile kimevuja. Ndogo ndogo nimehesabu 46. Mtu mmoja kaniambia mashine ikivuka miaka 20 ng'oa zote weka mpya bila kuuliza, mwingine kasema usiguse kisichoharibika. Mi sijui nimsikilize nani.

Halafu sabufa iliyokuja nayo, ile yenye amplifaya yake ndani, mwezi uliopita taa ya stendbai ilizimika tu na mpaka leo haiwaki, fyuzi nimeicheki ni nzima. Sijui kama ni ugonjwa mmoja.

Kulehemu najua kiasi, na nina multimita ya kawaida ambayo inapima na kapasita. Naomba mnielekeze taratibu, hii mashine sitaki kuiua mimi.

Besi Tulivu

Pole kwa kuondokewa na mzee mkuu. Jibu langu ni fupi, badilisha zote 48. Kapasita za elektrolaiti ndani zina majimaji, na miaka 28 ni mingi kwa majimaji yoyote. Ukibadilisha tatu leo, mwakani inakufa ya nne unafungua tena. Na hapo kwenye zile kubwa weka 22,000 badala ya 10,000, utasikia besi ilivyo tofauti. Hiyo kahawia chini yake ndo ushahidi kwamba zimevuja.

Fundi Mita

Mwana wa Redio karibu, na pole sana. Umeeleza ugonjwa vizuri kuliko wengi wanaokuja hapa, na maelezo yako yenyewe yana nusu ya jibu, kwa hiyo kabla hujashika kifaa cha kulehemu tuyasome kwanza.

Mvumo haubadiliki na volyumu na waya zote za kuingiza umechomoa, basi hautoki nje, unatoka ndani ya mashine na unaingilia baada ya kitufe cha volyumu. Spika zote mbili zinavuma sawa, basi ni kitu ambacho chaneli zote mbili wanakula pamoja, na kinacholiwa pamoja ni umeme wa DC. Na ule mvumo kuisha mashine ikipata joto ndo dalili kubwa kabisa ya kapasita iliyokauka, kwa sababu majimaji kidogo yaliyobaki ndani yakipata moto yanapitisha umeme vizuri zaidi, ukinzani wa ndani unashuka, kapasita inafanya kazi kwa muda kama ilivyokuwa zamani. Ikipoa inarudi kwenye ugonjwa wake. Wale mafundi wanaoita ukinzani huo ESR wanaujua vizuri mchezo huu, asubuhi mbovu mchana nzima.

Sasa hiyo kahawia. Ndugu yangu Besi Tulivu hapo sikubaliani na wewe. Viwandani walikuwa wanamwaga gundi chini ya kapasita kubwa ili zisitikisike kwenye safari, na gundi ya miaka ile ikiwa mpya ni ya njano mpauko au rangi ya maziwa, ikikaa na joto miaka mingi inageuka kahawia kisha nyeusi, inakuwa ngumu kama ukoko. Ubaya wake ni kwamba ikishageuka hivyo inaanza kupitisha umeme na kula shaba, kwa hiyo ni adui kweli ila si kapasita iliyovuja. Mwana wa Redio ikwangue taratibu kwa kijiti cha mbao au plastiki, usitumie kisu utakata njia za bodi. Ikitoka vipande vipande kama ukoko mkavu ni gundi. Angalia hasa kama imegusa miguu ya rezista au daiodi ndogo za jirani, hapo ndipo inapotafuna.

Na kuhusu umri. Kapasita haihesabu miaka, inahesabu masaa na joto. Kwenye datashiti utakuta imeandikwa kwa mfano masaa 2,000 kwenye nyuzi joto 105, na kanuni ambayo mafundi wote tunaitumia ni kwamba ukishusha joto nyuzi 10 maisha yanaongezeka mara mbili. Basi ileile ikiishi kwenye nyuzi 65 inapata masaa 32,000. Ukiwasha masaa manne kwa siku hiyo ni miaka kama 22. Lakini kapasita ileile, joto lilelile, ikiwa kwenye sehemu ya stendbai ambayo haizimwi usiku wala mchana, masaa 32,000 yanaisha kabla ya miaka minne. Na kama kiwandani waliweka ya nyuzi 85 badala ya 105, masaa yaleyale 2,000 yanakuwa 8,000 tu kwenye nyuzi 65, yani miaka mitano na nusu kwa masaa manne ya kila siku. Haina maana siku hiyo inakufa, maana yake ni kwamba kuanzia hapo kiwanda hakikuahidi tena kwamba itabaki ndani ya vipimo vyake, lakini unaona tofauti ilivyo kubwa ndani ya sanduku moja.

Kwa hiyo mimi zile kubwa mbili ndo naziogopa mwisho. Kopo kubwa lina majimaji mengi, mpira wa kuziba chini ni mnene, na mara nyingi limekaa pembeni kwenye hewa. Ninazozishuku ni vidogo vya 47, 100, 220 vilivyobanwa kati ya hitisinki (bati la kupoza transista) na rezista zinazochemka. Tafuta kwenye bodi sehemu ambayo rangi imebadilika, imeungua kama chapati ya moto mkali, halafu niambie kapasita gani iko hapo jirani.

Mwana wa Redio

Mkuu Fundi Mita asante sana, nimekwangua na imetoka vipande vikavu, kweli ni gundi. Mahali palipobadilika rangi nimepaona! Kuna rezista mbili kubwa zimesimama, bodi chini yake imekuwa kahawia, na milimita mbili tu kutoka hapo kuna kapasita nne za 220 µF 25V. Karibu yake kuna transista mbili na daiodi za zena. Ngozi ya plastiki ya kapasita mbili imesinyaa imepanda juu kama soksi iliyovuka.

Fundi Mita

Hapo umeshika mkia wa nyoka. Hiyo ni sehemu inayoshusha umeme mkubwa kuwa kama volti 15 chanya na 15 hasi kwa ajili ya sakiti ya besi na trebo, na kwenye amplifaya nyingi sakiti hiyo iko baada ya volyumu, ndo maana mvumo haujali unageuza nini.

Usibadilishe bado, tupime. Weka multimita kwenye AC, mguu mweusi uubane kwenye gandi (sehemu ya volti sifuri ya mashine) kwa klipu kabla hujawasha umeme, kisha mkono mmoja mfukoni na mwingine ndo unagusa na mguu mwekundu. Ila kwanza ijaribu mita yako kwa betri ya kawaida, iweke kwenye AC uguse betri, halafu geuza miguu uguse tena. Ikisoma sifuri pande zote ni sawa. Ikisoma namba upande mmoja basi mita yako inachanganya DC na AC na itakudanganya, itabidi uunge kapasita ndogo ya plastiki ya 0.1 µF yenye volti 100 au zaidi kwenye mguu mwekundu ili izuie DC.

Pima AC kwenye zile kubwa mbili, kisha kwenye hiyo +15 na −15, mashine ikiwa baridi imewashwa sasa hivi. Pima tena baada ya dakika kumi na tano.

Dada wa Lehemu

Naomba niingilie kidogo kabla hujafika kwenye kung'oa, kwa sababu mimi nilipitia njia ya kubadilisha zote na naijua ilivyo.

Ilikuwa amplifaya ya kaka yangu, kapasita sitini na kitu, nikang'oa zote siku moja nikazipanga kwenye bakuli, nikaweka mpya zote, nikawasha. Moja ikapasuka palepale kwa kishindo na ule moshi wake mweupe, na chaneli ya kulia ikafa. Nilikuwa nimeigeuza. Ilikuwa upande wa umeme hasi, na kwenye upande hasi mguu chanya wa kapasita ndo unakwenda kwenye gandi, mi akili yangu ilikuwa inasema gandi ni hasi basi mguu hasi uende gandi. Nikakaa wiki nzima kutafuta kosa lingine maana katika kung'oa nilikuwa nimeinua njia mbili za shaba kutoka kwenye bodi, bodi za zamani gundi ya shaba imechoka, ukiweka joto mara mbili inaachia. Ile mashine kabla sijaigusa tatizo lake lilikuwa moja tu. Nilipomaliza yalikuwa matatu.

Kwa hiyo kaka, ukifika hapo piga picha nyingi za karibu kabla ya kung'oa, ng'oa moja weka moja, usiwe na bakuli. Mstari kwenye kapasita za alumini unaonyesha hasi, lakini ukikutana na zile za tantala zenye umbo la tone, mstari unaonyesha chanya, ni kinyume kabisa, na tantala ikigeuzwa inawaka moto. Maandishi ya kwenye bodi nayo yanaweza kuwa yamekosewa toka kiwandani, amini iliyokuwepo pale ilivyokuwa imekaa.

Na kabla ya kugusa chochote mwaga umeme uliobaki kwenye yale makopo mawili. Rezista ya ohmu 470 ya wati 5, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki au iunge na waya zenye klipu, igusishe miguu miwili ya kila kopo kwa nusu dakika, halafu pima DC uhakikishe imeshuka chini ya volti moja. Usitumie bisibisi, ile cheche inaharibu kapasita ndani na inaweza kukuchoma macho.

Besi Tulivu

Sawa dada nimekuelewa na pole kwa iliyokukuta. Lakini bado nauliza, kama mtu analehemu vizuri kuna ubaya gani kuweka mpya zote? Mashine mpya inakuwa na uhakika. Na hiyo 22,000 hamjasema kitu.

Fundi Mita

Swali zuri, ngoja nilijibu vizuri maana linaulizwa sana.

Ubaya wa kwanza ni kwamba unang'oa kapasita nzuri iliyokwisha kuthibitisha kwa miaka 28 kwamba ni nzuri, unaweka ambayo hujui imetoka wapi. Kapasita bandia zimejaa, mimi nimepasua kopo lililoandikwa 10,000 µF nikakuta ndani kuna kikapasita kidogo cha kawaida kimefichwa kwenye kopo kubwa tupu. Nyingine zimevuliwa ngozi yake zikavalishwa ngozi mpya yenye volti kubwa zaidi. Ukiishika mkononi ikawa nyepesi kuliko uliyoitoa, shtuka. Na hata zilizo halali zinaweza kuwa na kasoro, kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi dunia nzima ilipata tabu ya kapasita zenye majimaji mabaya, yenye maji mengi ambayo yalikuwa yanakula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ndo zile zilikuwa zinavimba kichwa na kupasuka kwenye bodi za kompyuta na vifaa vingine baada ya mwaka mmoja miwili tu. Amplifaya ya mzee wako imetengenezwa kabla ya hapo, ukisema mpya siku zote ni bora kuliko ya zamani hapo sikubali. Hata hivyo sisemi za zamani zote ni malaika, zile ndogo za kulala juu ya bodi za mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzo wa 90 zilivuja sana, kamera za video na vicheza CD vingi viliozeshwa bodi nazo. Hizo ukizikuta toa zote bila kupima.

Ubaya wa pili amesema Dada wa Lehemu, kila kung'oa ni nafasi ya kuharibu.

Sasa 22,000. Kazi ya kapasita kubwa ni kushikilia volti kati ya wimbi moja la umeme na linalofuata. Kwenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde wimbi linakuja mara 100 kwa sekunde, kila sehemu ya mia ya sekunde. Amplifaya ikivuta ampea moja kutoka kwenye 10,000 µF, volti inashuka kama volti 1 tu kabla haijajazwa tena. Ukiweka 22,000 inashuka karibu nusu volti. Kwenye umeme wa volti 38 hiyo nusu volti uliyookoa sikio halitaijua. Lakini kila unapowasha, kapasita tupu inavuta umeme kwa pupa, na ukiifanya kubwa maradufu daiodi, fyuzi na swichi zinapata mshtuko kila siku. Kuongeza kidogo, 10,000 kwenda 12,000, hakuna shida kabisa, maana hata kiwandani kapasita hizi huruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 20. Besi ikiwa imepungua kwenye mashine ya zamani mara nyingi ni vile vidogo vya 1 µF, 2.2, 4.7 vinavyopitisha muziki kutoka hatua moja kwenda nyingine, vikikauka besi haipiti, trebo inapita. Hivyo ndivyo vya kubadilisha, na ukipata nafasi weka za plastiki ambazo hazina majimaji, hutarudi tena hapo.

Mwana wa Redio

Nimerudi na vipimo wakuu. Mita yangu ilikuwa inachanganya kweli! Betri ilisoma sifuri upande mmoja na volti tatu upande mwingine, nikaunga ile 0.1 µF ikatulia.

Ikiwa baridi: kopo la kwanza AC 0.05, kopo la pili 0.06. Kwenye +15 ni 0.004. Kwenye −15 ni 0.31! Baada ya dakika kumi na tano ile −15 ikashuka ikawa 0.05, na mvumo nao ukawa umekwisha. Nilikuwa naangalia namba inashuka na sikio linasikia mvumo unashuka, nimekaa pale nimeshika mita nimefurahi kama mtoto.

Nikazima, nikamwaga umeme kwa rezista kama dada alivyosema, nikang'oa zile nne za 220. Mbili za upande wa +15 zimesoma 196 na 188. Za upande wa −15 moja imesoma 31, nyingine 9. Tisa! Na kwa nje huoni chochote, kichwa bapa, chini pakavu, isipokuwa hiyo ngozi iliyosinyaa. Makopo makubwa nilichomoa waya zake nikapima, 9,300 na 9,100.

Fundi Mita

Safi sana, hiyo kazi umeifanya kama fundi. Hizo za 9,300 na 9,100 ziache zipumzike, bado zina miaka. Huo ukosefu wa dalili kwa nje ndo watu wengi hawaujui, kuvimba kunatokea gesi ikizalishwa ndani, lakini inayokauka haivimbi, mvuke unatoka kidogo kidogo pembeni ya mpira wa chini miaka na miaka mpaka karatasi ndani inabaki kavu. Ukitafuta zilizovimba tu utaziacha wagonjwa wengi.

Badilisha zote nne za 220 maana zimekaa kwenye tanuru moja. Weka 220 µF ya volti 35 au 50, nyuzi 105, ya aina ya maisha marefu, watengenezaji kama Nichicon, Rubycon na Panasonic wanazo za masaa 5,000 mpaka 10,000. Angalia kipenyo na umbali wa miguu, volti ikipanda mwili unakuwa mnene. Na hapohapo, hizo rezista mbili zinazochemka zitoe uziweke tena zikiwa zimeinuka juu sentimita moja na nusu kutoka kwenye bodi, na kapasita ziegemeze upande wa pili kadiri miguu inavyoruhusu. Ukiweka kapasita mpya kwenye joto lilelile bila kubadilisha kitu umeanzisha saa ileile upya. Ukishusha nyuzi 20 tu pale umeyaongeza maisha mara nne. Ziyeyushe upya pia lehemu za miguu ya rezista na transista hizo, joto la miaka linafanya lehemu ipasuke duara ndogo kuzunguka mguu, unaiona kwa lenzi.

Ukiwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60 au 100 mfululizo na waya wa umeme, siyo ya LED. Iwake mara moja kisha ififie, hapo ni salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu zima haraka kuna kitu kimegusana au umegeuza kapasita, na balbu imekuokolea mashine. Spika usiunge mpaka umepima DC kwenye sehemu ya spika, ikiwa chini ya volti 0.05 endelea.

Kimya Kimya

Mi ngoja niseme kuhusu sabufa maana nimetengeneza nyingi na zinakufa karibu zote kifo kimoja. Sehemu ya stendbai haizimwi kamwe, mwenye nyumba amelala yenyewe inafanya kazi. Kama ndani kuna kibodi kidogo cha umeme wa swichingi, tafuta kapasita ndogo ya 22 au 47 µF 50V iliyo karibu na aisii (IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi) ya kuwashia, upande wa umeme mkubwa. Ikikauka aisii haipati nguvu ya kuanza, kila kitu kingine ni kizima lakini mashine imekufa kabisa. Kama hakuna swichingi, tafuta kapasita ya plastiki ya mraba imeandikwa X2, kama 0.33 au 0.47, iko moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani na ndo inashusha umeme wa stendbai. Hiyo haina majimaji lakini kila umeme unapopiga ghafla ngozi yake ya ndani inatoboka kidogo na kujiponya kwa kuchoma sehemu ya chuma chake, matundu elfu na elfu mpaka inabaki nusu, umeme hautoshi kuwasha hata taa.

Lakini nisikilize vizuri kaka, sehemu hiyo haijatengwa na umeme wa ukutani kwa transfoma. Gandi yake si gandi, ni umeme. Usipime ikiwa imechomekwa. Ichomoe, ngoja, mwaga kapasita zilizopo, ng'oa hiyo moja ndo upime ukiwa umeishika mkononi. Na ukiweka mpya lazima iwe imeandikwa X2 vilevile, usiweke ya plastiki ya kawaida hata ikiwa na volti kubwa.

Mwana wa Redio

Kimya Kimya ni hiyohiyo ya X2! Imeandikwa 0.47 na imesoma 0.19. Nimeweka mpya, taa ya stendbai imewaka sekunde ileile. Sikuipima ikiwa imechomekwa, nimefuata ulivyosema. Na kuanzia sasa nikimaliza kusikiliza naizima ukutani kabisa.

Amplifaya nayo nimeweka zile nne, rezista nimeziinua, balbu iliwaka mara moja ikafifia, DC ya spika ni 0.012 na 0.019. −15 sasa inasoma AC 0.003. Jana usiku niliiwasha ikiwa baridi kabisa nikaweka sikio kwenye spika, kimya. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimeandika kwenye karatasi kapasita gani nimetoa, ilisoma ngapi na tarehe, nikaibandika ndani ya kifuniko, siku mtu mwingine akiifungua asianze kukisia.

Kimebaki kitu kimoja, spika ya kushoto kuna wakati inakata nikiwa nimepunguza sauti sana, nikipandisha volyumu inarudi ghafla na kubaki. Je hiyo nayo ni kapasita? Au niziangalie zile za kwenye krosova ya spika, ile sakiti ya ndani inayogawa besi na trebo?

Dada wa Lehemu

Za krosova zikichoka hazikati na kurudi, twita (spika ndogo ya trebo) inafifia polepole tu kwa miaka mpaka unazoea. Zipime siku ukifungua spika, kama ni 4.7 na inasoma chini ya 4 badilisha pande zote mbili kwa pamoja ili zifanane. Hiyo yako ya kukata sauti ikiwa ndogo na kurudi ukipandisha ni rilei ya spika, ile swichi inayojifunga kwa umeme na kulia tak sekunde chache baada ya kuwasha. Mikono yake ya ndani imeota kutu nyembamba, sauti ndogo haiwezi kuitoboa, kubwa inaitoboa. Angalia namba iliyoandikwa juu ya rilei, volti ya koili na ampea, tafuta yenye miguu iliyopangwa vilevile uibadilishe. Usiisugue kwa msasa, ngozi yake ya juu ni nyembamba ukishaitoa haichukui mwezi inarudia.